Kasuku Aliyenyamazishwa

Kibandiko chenyewe kilikuwa kidogo tu, karatasi iliyokatwa kwa makasi, na juu yake mtu alikuwa ameandika herufi nne kwa kalamu: INOP. Ndivyo marubani husema kitu hakifanyi kazi. Kilikuwa kimebandikwa juu ya kioo cha transponda, ndani ya Cessna 172 iliyotoka kiwandani kabla mathe hajaolewa. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, mkanda umenibana tumbo, simu mkononi tayari kuchukua video, kwa sababu siku hiyo mdogo wangu alikuwa anarusha ndege akiwa na mtu wa familia ndani kwa mara ya kwanza. Anasomea urubani pale Wilson. Tuliuza nusu eka Kitengela ili asome, na nusu eka ikaisha kabla ya masomo.

"Na hii je?" nikauliza, nikinyoosha kidole katikati ya viti vyao.

Mwalimu wake hakugeuka. "Hiyo inangoja pesa," akasema. "Usijali bosi, sisi hutumia macho."

"Brathe, wacha maswali," mdogo wangu akasema. "Utanifanya niruke hatua."

Nikanyamaza. Tukapaa vizuri, tukapita juu ya mbuga, nikaona twiga kutoka juu, nikapata video yangu. Nilipoiweka mtandaoni watu walipenda sana twiga. Hakuna aliyeona kibandiko, na kiko pale, sekunde ya nne, upande wa kulia.

Shule siitaji. Ningeitaja, wangelaumiwa wao peke yao, na hii si shida ya shule moja. Ni shida ya namna tunavyofikiria anga ya Nairobi, kama ni uwanja mkubwa ambao kila mtu akifungua macho atapata nafasi yake. Mimi nasema hapana. Ndege yoyote inayoruka karibu na Wilson na JKIA inafaa iwe na transponda inayofanya kazi na inayotaja urefu, hata kama ni kandege ka viti viwili ka mwaka wa 1968. Na nasema jambo la pili ambalo litawaudhi wengine zaidi: mwanafunzi hafai kuwa ndiye anayelipia.

Kwanza tuelewane sanduku hili ni nini. Transponda ni redio inayojibu ikiulizwa. Rada iliyo chini inatuma swali kwa megahezi 1030, ndege inajibu kwa megahezi 1090. Jibu linabeba nambari ya tarakimu nne, na kila tarakimu ni kati ya 0 na 7, kwa hivyo kuna nambari 4,096 tu duniani za kugawana. Rubani akiweka 7700, kila anayemwona anajua ana dharura. 7600 ni redio imekufa. 7500 ni ametekwa nyara. Sanduku likiwa kamili linaongeza kitu cha maana kuliko vyote: urefu wa ndege kutoka usawa wa bahari, kwa hatua za futi 100 au chini ya hapo.

Asili yake ni Vita vya Pili vya Dunia, wakati Waingereza walipotaka rada yao itofautishe ndege zao na za adui. Jina la siri la kifaa lilikuwa Kasuku, kwa Kiingereza chao, na ndiyo sababu mpaka leo mwongozaji wa ndege akimpa rubani nambari anatumia neno la mlio wa kasuku. (Sio Kasuku ya mkebe wa mafuta, wasee. Ingawa ule mkebe pia umepima mambo mengi nchi hii.) Kwa hivyo ndani ya ile Cessna kulikuwa na kasuku, na mtu alikuwa amembandika karatasi mdomoni.

Sasa angalia mahali tunapomnyamazisha. Wilson ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920, siku ambazo Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni yake ya ndege na Nairobi ilikuwa mji mdogo wa reli. Leo uwanja huo umebanwa na Lang'ata Road upande mmoja na mbuga upande wa pili. JKIA iko kilomita 10 hivi mashariki. Eastleigh kuna kambi ya jeshi la anga. Katika kipande hicho cha anga kuna ndege za miraa, za watalii wa Mara, za madaktari, za wanasiasa wikendi, helikopta za mazishi, Boeing zikishuka kuelekea Embakasi, na watoto wa watu wanaojifunza kugeuza bawa bila kupoteza urefu. Chini yao kuna Kibera, Otiende, Nairobi West, South C. Mimi nimeishi Otiende miaka saba. Ukianika nguo pale unajua saa kwa mlio wa injini.

Na jaribu hii leo jioni. Fungua Flightradar24, ile programu ambayo sisi hutumia kufuatilia nani ametoroka nchi. Utaona Qatar ikitoka Doha, utaona shehena ya maua ikielekea Ulaya. Halafu ngoja kandege kapite juu ya paa lako, ukatafute kwenye ramani. Siku nyingi mimi hukakosa. Kako juu yangu, nakasikia, rangi ya tumbo lake naiona, na kwa simu hakapo.

Wenye "sisi hutumia macho" niwape hesabu, maana huwa wanasema hivyo kwa kiburi, kama macho ni suala la uanaume. Chukua ndege ya abiria inayopanda kwa kilomita 280 kwa saa na Cessna inayokuja kwa kilomita 180. Zikitazamana, zinakaribiana kwa mita 128 kila sekunde. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, hukadiria kwamba kutoka jicho lione kitu hadi ndege ianze kugeuka, zinapita sekunde 12.5. Zidisha: mita 1,600. Yaani rubani lazima awe amekuona ukiwa bado mbali kiasi hicho, la sivyo amechelewa. Na Cessna kwa mita 1,600, mabawa yake yote mawili pamoja, ni fupi kuliko punje ya mchele uliyoishika mkono ukiwa umenyooka. Mwili wenyewe ni nukta ya kalamu. Sasa weka hiyo nukta mbele ya nyasi za mbuga zenye vivuli, jua la asubuhi likikupiga usoni, na mkono wako mmoja ukiwa na kazi.

Kuna jambo baya zaidi, na mwalimu yeyote mzuri wa urubani hulifundisha. Ndege itakayokugonga haisogei kwenye kioo chako. Ile inayopita kando utaiona ikitambaa, jicho litaifuata. Ile yenu ya kukutana inabaki palepale, nukta ileile, mpaka ghafla inajaza dirisha. Jicho la binadamu limeumbwa kukamata kitu kinachosonga, na hiki hakisongi. Ongeza kwamba Cessna 172 ina bawa juu ya kichwa, kwa hivyo anayekuja kutoka juu amefichwa na bawa, na ndege inayopanda ina pua inayoficha aliye mbele chini. Wawili wanaweza kuwa hodari kabisa na kila mmoja akawa amefichwa na ndege yake mwenyewe.

Wachunguzi wa ajali za ndege wa Australia waliandika haya yote mwaka wa 1991, katika ripoti kuhusu mipaka ya kuona na kukwepa. Walisema pia kwamba mtu anayetafuta ndege akiwa ameshaambiwa iko upande gani hufanya kazi hiyo mara 8 bora kuliko anayetazamatazama tu. Hapo ndipo transponda inaingia. Hairudishi macho mfukoni. Inayaambia pa kutazama.

Tarehe 5 Machi 2024, asubuhi, Dash 8 yenye watu 44 ilitoka Wilson ikielekea Diani. Muda mfupi baada ya kupaa, waliokuwa ndani walisikia kishindo. Ilirudi Wilson, wote 44 wakashuka salama. Cessna 172 ya mafunzo ilianguka ndani ya mbuga, na mwalimu na mwanafunzi wake wakafa. Sitajifanya mchunguzi, na sisemi ndege ile ilikuwa na kibandiko kama nilichokiona mimi. Nasema kwamba baada ya siku ile, mtu yeyote anayeruka anga hiyo akiniambia macho yanatosha, namwomba aje Otiende aniambie hivyo nikiwa nimesimama chini.

Ndege za abiria za ukubwa ule huwa na mfumo wa kuzuia kugongana, TCAS. Ni mashine inayouliza kila transponda iliyo karibu, kama rada ndogo ya kibinafsi, na ikiona hatari inamwambia rubani kwa sauti apande au ashuke. Ni kitu kizuri sana. Lakini inauliza, haichungulii. Ndege isiyo na transponda haijibu, na kwa TCAS ndege isiyojibu haiko duniani. Ndege inayojibu bila kutaja urefu iko nusu: mashine itamwambia rubani kuna mtu hapo mahali, lakini haiwezi kumwambia apande ama ashuke, kwa sababu haijui mwenzake yuko juu au chini.

Hiyo nusu iliua watu 82. Tarehe 31 Agosti 1986, Piper ndogo iliingia bila ruhusa kwenye anga iliyodhibitiwa ya Los Angeles na ikagongana na DC-9 ya Aeroméxico juu ya mtaa wa Cerritos. Watu 64 kwenye ndege kubwa, 3 kwenye ndogo, na 15 chini, waliokuwa nyumbani kwao Jumapili. Piper ilikuwa na transponda. Haikuwa na sehemu ya kutaja urefu. Baadaye Wamarekani wakachora duara la maili 30 za baharini kuzunguka viwanja vyao vyenye shughuli nyingi, wakasema ndani ya hapa lazima kasuku wako ajue kuhesabu. Wenye ndege ndogo walilia sana. Walisema ni mwisho wa urubani wa mtu wa kawaida. Urubani wa mtu wa kawaida bado uko California, buda, umejaa tele.

Na kuwa nalo si kuliwasha. Septemba 2006, juu ya msitu wa Brazili, Boeing ya kampuni ya Gol iligongana na ndege ndogo ya matajiri, Embraer Legacy, mpya kabisa, yenye kila kitu. Transponda ya Legacy ilikuwa haitumi. Kwa hivyo TCAS za ndege zote mbili zilikaa kimya, mbili za kisasa kabisa, zikaletana uso kwa uso kwenye urefu mmoja. Watu 154 wa Gol walikufa wote. Wale 7 wa Legacy walitua.

Hapa Mkenya yeyote aliyepanda matatu anajua ninachoelekea kusema. Unakumbuka sheria za Michuki, 2004? Mikanda, kidhibiti mwendo, mstari wa manjano. Vidhibiti vilifungwa. Vilifanya kazi siku ya ukaguzi. Halafu fundi wa mtaani akafundishwa waya gani wa kukata, na gari likarudi kukimbia 120 likiwa na stika halali kwenye kioo. Tukajifunza kama taifa kwamba kifaa cha usalama ni cheti cha kuonyesha polisi. Mimi hiki ndicho ninachokiogopa zaidi kuliko bei. Naogopa tutapitisha amri, kila Cessna itapata sanduku, na baada ya mwaka nusu yake yatakuwa na vibandiko.

Kwa hivyo nilienda kumwona fundi. Mzee mmoja wa hanga, amefanya kazi ya umeme wa ndege tangu kabla sijazaliwa. Nilimwambia, "Shikamoo Mzee, nataka kujua hii kitu hufungwa vipi." Akanitazama kama nimemuuliza namna ya kupika ugali.

"Kijana, watu hufikiria ni kama redio ya matatu," akasema. "Unatoboa, unafunga, unawasha."

Alinieleza kwa karibu saa nzima na nitaifupisha. Antena inakaa chini ya tumbo la ndege, mbali na antena zingine na mbali na miguu ya magurudumu, na pale unapotoboa lazima uweke bati la kuimarisha ndani. Waya wa antena uwe mfupi na wa aina nzuri, maana waya mbovu unakula nguvu na jibu linafika likiwa limechoka. Halafu kuna enkoda, kisanduku cha kupima urefu, kinachovuta hewa kutoka kwenye bomba lilelile linalolisha altimita na kipima mwendo. Ukikata bomba hilo kuunganisha enkoda, lazima ulipime lote tena kama linavuja, kwa sababu likivuja rubani anadanganywa na saa zake zote kwa pamoja. Enkoda yenyewe inahesabu kutoka shinikizo la 1013 siku zote, haijali rubani ameweka nini kwenye altimita yake. Ni kompyuta ya chini ndiyo inasahihisha. Na ukimaliza unapima ndege upya kwa karatasi, uzito na mizani, unaandika kitabu.

"Na hizi ndogo za kubandika dirishani?" nikamuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeziona mtandaoni, za bei nafuu.

"Nzuri kwa kuona wengine kwa tableti," akasema. "Zinatangaza tu. Ile Dash ikiuliza kwa TCAS, hako hakajibu. Kajibu na nini?"

Nikamuuliza bei. Sanduku la kisasa, lile linalotuma pia mahali ulipo kwa satelaiti, ni kama dola 3,000 kabla yeye hajafungua kisanduku chake cha spana. Piga kwa 130: shilingi 390,000. Enkoda, waya, antena na mikono yake, ongeza. Kwa mtu mwenye ndege hiyo si pesa ya kutisha sana. Lakini mwenye shule hatailipa yeye. Ataiweka kwa bei ya saa, na bei ya saa inalipwa na nusu eka ya Kitengela.

Hapo ndipo wenzangu wanaopenda usalama hunikimbia. Wanasema, anayetaka kuruka alipe, kwani nani alimlazimisha? Sikubali. Uliza nani anafaidika kasuku akiongea. Mwanafunzi, ndiyo, mmoja au wawili. Lakini pia abiria 39 wa Diani walio na kofia za nyasi mapajani, na mimi na nguo zangu, na shule za msingi zote kutoka Lang'ata hadi South C. Faida ni ya umma halafu bili ni ya kijana wa miaka 21 anayehesabu dakika. Waingereza waliliona hili. Mwaka wa 2020 serikali yao ilianza kurudishia marubani wa ndege ndogo nusu ya bei ya kifaa cha kuonekana, hadi pauni 250. Si pesa nyingi. Lakini ilikuwa ni kusema: hili ni letu sote.

Sisi tufanye hivi. Shilingi 50 juu ya kila tiketi inayotoka Wilson. Mtu anayelipa makumi ya elfu kulala Mara hataisikia. Tiketi 7,800 zinanunua sanduku moja. Ndege yenye abiria 39 inazifikisha kwa safari 200. Pesa ziende moja kwa moja kwa fundi aliyeidhinishwa, sio kwa mwenye ndege, na hakika sio kwa kamati. Na baada ya hapo tuwe wakali bila huruma: kibandiko kwenye transponda, ndege inabaki chini, hata kama ni siku ya mtihani, hata kama mwanafunzi amesafiri kutoka Bungoma. Vile vindege vya zamani kabisa visivyo na umeme wowote, sawa, viruke Laikipia, kuna anga ya kutosha kule. Hapa hapana.

Rafiki yangu mmoja, wa mambo ya haki za kidijitali, alinipinga kwa hoja ya faragha: sanduku la kisasa linatangaza utambulisho wa ndege, mtu yeyote mwenye kipokezi kidogo anajua umeenda wapi. Ni kweli. Matatu ya Ngong Road nayo ina nambari ya usajili mbele na nyuma, na haibebi mafuta ya ndege juu ya kichwa changu.

Nilimwambia mdogo wangu nitaandika haya. Alikasirika kidogo. Alisema watajua ni nani. Halafu baada ya siku mbili akanitumia picha kwa WhatsApp bila maneno yoyote: dashibodi ileile, kibandiko kilekile, ila sasa kimeanza kukunjika pembeni kwa jua. Alhamisi ijayo anaruka peke yake kwa mara ya kwanza. Mathe ameshaomba ruhusa kazini aje kusimama kwenye ua wa Wilson, na ameniuliza kama kutoka pale chini mtu anaweza kuona ni ndege gani ni ya mwanawe.